KUPANDA DARASA NA KUPATA ELIMU

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo liingialo katika kila nyumba yenye mtoto wa shule, nalo ni kupanda darasa. Mwisho wa mwaka mtoto hurudi nyumbani na karatasi mkononi, na kabla hajaketi huulizwa swali moja tu: "Je, umepanda?" Akijibu kwamba amepanda, kuku huchinjwa. Akijibu kwamba amebaki, nyumba yote huingia huzuni, na pengine fimbo hutafutwa. Lakini ni nadra kumsikia mzazi akiuliza swali la pili, nalo ndilo lililo kubwa: "Mwaka huu umejua nini ambacho mwaka jana hukukijua?" Leo twataka kuyaweka maswali hayo mawili mbele yetu na kuyatazama, maana watu wengi huyachanganya wakadhani ni swali moja.

Wengi wenu mwalijua neno "kidato." Siku hizi twalitumia kwa madarasa ya shule za sekondari, lakini watu wa pwani walikuwa nalo kabla ya shule hizo. Mkwezi atakaye kupanda mnazi hukata vidato katika shina lake, apate mahali pa kukanyaga. Kila kidato kina kazi moja, nayo ni kumfikisha mtu katika kidato kinachofuata. Kikikatwa juujuu, mguu huteleza. Tena vidato vikiachana mno, mkwezi hukwama katikati ya mnazi, kupanda hawezi na kushuka aona haya. Basi darasa nalo ni hivyo hivyo. Darasa la nne si cheo cha kujivunia, bali ni mahali pa kukanyaga ili mtu afike darasa la tano.

Sasa tuwaze watoto wawili wa kijiji kimoja. Wa kwanza yuko darasa la sita. Kila mwaka amepandishwa, kwa kuwa nyuma yake wako watoto wengi wanaongoja nafasi, na mwalimu hana mahali pa kumweka. Ananakili vizuri maneno yaliyo ubaoni, hata daftari lake ni safi kuliko la wenziwe, lakini ukimpa hadithi fupi asiyoijua hawezi kuisoma mpaka mwisho. Wa pili naye alikuwa mzito wa kusoma, akakaririshwa darasa la nne mara mbili. Sasa magoti yake hayaingii chini ya dawati, na watoto wadogo wamwita "babu." Siku moja alitoka nyumbani na daftari zake, asifike shuleni, akaenda kuuza machungwa kwenye kituo cha mabasi, na tangu siku hiyo hakurudi.

Je, ni yupi kati ya hawa aliyedhulumiwa? Sisi twasema wote wawili. Wa kwanza alipewa darasa asipewe elimu. Wa pili alinyimwa darasa, na elimu pia hakupewa, maana katika miaka ile aliyokariri alifundishwa masomo yale yale, kwa njia ile ile iliyomshinda mara ya kwanza. Watu hushindana sana juu ya kupandisha na kukaririsha kama kwamba moja ni dawa na jingine ni sumu. Lakini kupandisha hakumfundishi mtu kusoma, na kukaririsha peke yake hakumfundishi vile vile.

Ili tufahamu jinsi tulivyofika hapa, yafaa tukumbuke mambo ya zamani. Katika miaka ya 1950, mtoto wa Tanganyika alisoma katika shule ya kijijini mpaka darasa la nne, kisha akafanya mtihani. Walioshinda, nao walikuwa wachache, waliendelea katika shule za kati, toka darasa la tano mpaka la nane, na mwisho wa hilo la nane palikuwa na mtihani mwingine. Watu waliona kwamba mtihani ule ulitenga wenye akili na wasio na akili. Kumbe kazi yake kubwa ilikuwa kugawanya nafasi chache. Kama viti ni ishirini na watoto ni mia, hata wote mia wakijua kusoma na kuhesabu sawasawa, themanini watarudi nyumbani na jina la kushindwa.

Hata baada ya Uhuru jambo hili halikuisha mara moja. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea, alionyesha kwamba watoto kama 87 katika kila mia waliomaliza shule ya msingi hawakupata nafasi ya kuendelea, nao walitoka shuleni wakijiona kuwa wameshindwa. Shauri lake lilikuwa kwamba shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, itakayomfaa mtoto katika maisha yake kijijini, wala isiwe njia tu ya kuendea sekondari. Twataja habari hii kwa sababu mpaka leo wako wazee waupimao mtihani kwa macho ya siku zile. Wakisikia mtoto ameshindwa, wadhani amenyimwa kiti. Lakini mtihani wa kugawanya viti ni mmoja, na mtihani wa kupima ujuzi ni mwingine. Wa kwanza huuliza, "Ni nani aliyewatangulia wenziwe?" Wa pili huuliza, "Je, huyu ameyajua yaliyompasa kuyajua?"

Nchini Tanzania, kuanzia mwaka 2004, shule nyingi za sekondari zilijengwa katika kata, na nafasi zikaongezeka sana. Basi swali la viti likapungua uzito, na swali la ujuzi likajitokeza wazi. Kwa miaka mingi palikuwa na mtihani wa kidato cha pili, na aliyeshindwa alikariri mwaka. Mwaka 2008 sharti hilo liliondolewa, ikawa mwanafunzi aweza kuendelea na kidato cha tatu hata akishindwa. Mwaka 2012 likarudishwa. Wenye kulitetea walisema kwamba bila mchujo vijana hufika kidato cha nne mikono mitupu. Wenye kulipinga walisema kwamba kosa si la mwanafunzi, bali ni la shule isiyo na walimu wa hesabu wala vitabu, na kwamba kijana anayekaririshwa katika shule ya namna hiyo anarudishwa katika chumba kile kile kisicho na mwalimu. Ukiwasikiliza kwa haki utaona kila upande ulikuwa na sehemu ya kweli.

Kisha likatokea jambo lililowashtua wazazi wote. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 yalipotangazwa mwezi wa Februari 2013, karibu watahiniwa sita katika kila kumi walipata sifuri. Nchi nzima ililia. Baadaye mwaka ule ule Serikali iliamuru matokeo yale yafutwe na madaraja yapangwe upya, na waliofaulu wakaongezeka. Tafakarini jambo hili, ndugu zetu. Majibu ya wanafunzi yalikuwa yale yale, na wino ulikuwa umekwisha kukauka tangu mwaka uliopita. Kilichobadilika ni kipimo. Kila aendaye sokoni ajua jambo hili. Muuzaji akileta pishi ndogo, gunia moja la mahindi litatoa pishi nyingi zaidi, lakini mahindi yenyewe hayakuongezeka hata punje moja.

Hatusemi kwamba vipimo havina maana. Soko lisilo na pishi ni soko la ugomvi, na shule isiyo na kipimo haijui inakokwenda. Twasema tu kwamba mzazi asitosheke na kusikia daraja, bali atake kujua daraja hilo lapima nini.

Majirani zetu wa Kenya walichagua njia nyingine. Sheria yao ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 yakataza mtoto kuzuiliwa asipande darasa. Palikuwa na sababu ya kuiweka. Shule nyingine zilikuwa na desturi ya kuwarudisha nyuma wanafunzi dhaifu kabla ya mtihani wa darasa la nane, ili wasije wakashusha wastani wa shule, na kurudishwa huko hakukuwa kwa faida ya mtoto bali kwa sifa ya shule. Mtihani ule, ulioanza mwaka 1985 pamoja na mfumo wa 8-4-4, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mwaka huo huo wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia gredi ya saba, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari ya chini, ambayo ina gredi tatu na imewekwa katika shule za msingi. Mwaka 2025 walipimwa mwisho wa gredi ya tisa. Kipimo hicho hakikutegemea karatasi ya mwisho peke yake: sehemu 60 katika mia zilitoka katika mtihani wa gredi ya tisa, sehemu 20 katika kazi zilizopimwa shuleni katika gredi ya saba na ya nane, na sehemu 20 katika mtihani wa gredi ya sita. Tena mtoto haambiwi kwamba ameshinda au ameshindwa. Huelezwa kama amezidi yaliyotarajiwa, au ameyafikia, au ayakaribia, au yuko chini yake.

Maneno haya ni ya upole, nayo hayamvunji mtoto moyo. Lakini yana hatari moja. Mzazi akisoma kwamba mtoto "akaribia yaliyotarajiwa," huenda akaikunja karatasi na kuiweka kabatini, akidhani safari i karibu kwisha. Neno "akaribia" kwa gredi ya saba maana yake ni kwamba liko jambo ambalo mtoto hajaliweza, na mwakani litahitajika. Kama hakuna mtu atakayemsaidia kulimaliza, ataendelea kukaribia mpaka mwisho wa shule.

Sasa tuvuke bahari kidogo tuone wengine walivyofanya. Katika mji wa Chicago, nchini Marekani, iliamriwa mwaka 1996 kwamba mtoto wa darasa la tatu, la sita na la nane asiyefikia alama fulani katika kusoma na kuhesabu asipande. Kwanza alipewa masomo ya ziada katika likizo ndefu, akapimwa tena, na akishindwa tena alikariri mwaka mzima. Amri hiyo haikukosa faida, maana walimu na wanafunzi wengi walijitahidi zaidi kabla ya mtihani. Lakini mwaka 2004 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza yaliyowapata wale waliokaririshwa. Walilinganisha watoto ambao alama zao zilikaribiana sana, wengine wakiwa wamekaririshwa na wengine wamepandishwa. Wale wa darasa la tatu waliokariri hawakuwapita wenzao. Wale wa darasa la sita walizidi kubaki nyuma katika kusoma. Na wale wa darasa la nane waliokariri walikuwa wepesi zaidi kuacha shule.

Nchini India nako sheria ya mwaka 2009 ilikataza kumkaririsha mtoto mpaka amalize darasa la nane. Mwaka 2019 ikarekebishwa, majimbo yakaruhusiwa kuwapima watoto katika darasa la tano na la nane, na kumpa aliyeshindwa nafasi ya pili kabla ya kuamua kama atakariri. Mwaona basi kwamba nchi kubwa na ndogo zimekuwa zikienda huku na huku kama chombo kisicho na usukani, leo kupandisha wote, kesho kukaririsha. Sababu ni kwamba swali hilo huulizwa mwisho wa mwaka, wakati ambapo mengi yamekwisha haribika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto asiyejua kusoma mwezi wa Machi ana ufa. Akiachwa mpaka Novemba, mwalimu na mzazi hukuta ukuta umelala chini, wakabishana ni nani aliyeuangusha.

Twajuaje kwamba ufa upo? Tangu mwaka 2009 na 2010, katika nchi za Kenya, Tanzania na Uganda, watu wa Uwezo wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto kwa hadithi na hesabu za darasa la pili tu. Waliona mara kwa mara kwamba watoto wengi waliokwisha kupita darasa hilo hawakuiweza hadithi ile, hata baadhi ya wale waliokuwa wakikaribia kumaliza shule ya msingi. Kipimo chao hakihitaji chuma wala mashine. Chahitaji hadithi fupi, mtoto, na mtu mzima mwenye subira. Basi hata wewe unayetusikiliza waweza kukifanya leo jioni, baada ya chakula.

Tutoe mfano. Mama mmoja ana mtoto mchanga mgonjwa, na zahanatini amepewa dawa ya maji. Mama mwenyewe hakusoma. Amwita mwanawe wa darasa la tano asome karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Karatasi yasema kijiko kimoja, mara tatu kwa siku. Kijana aikodolea macho, aona tarakimu mbili, kisha akisia: "Vijiko vitatu, mama." Bahati njema jirani yupo, naye asahihisha. Usiku ule mama hakupata usingizi. Asubuhi alikwenda shuleni.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karatasi ya kijana wangu yasema amepanda. Jana nimempa maneno manne ya chupa ya dawa, yamemshinda. Nataka uniambie kweli, wala usinifiche."

Mwalimu, ambaye ni mtu mwungwana, hakukasirika. "Mama, kweli ni hiyo uliyoiona. Nina watoto themanini chumbani. Wanyamazao kama wake husahaulika, na kosa hilo ni langu pia. Je, ungependa tumrudishe darasa la nne?"

"Akirudi huko, nani atamfundisha kusoma?"

Mwalimu alifikiri kidogo, kisha akasema: "Huko nako hakuna afundishaye herufi tena. Tufanye hivi. Katika darasa langu wako kumi na wawili kama yeye. Nitawaketisha pamoja nusu saa kila siku kabla ya kwenda nyumbani, nianze nao katika silabi, bila kuwaondoa katika darasa lao. Nawe kila jioni mwambie akusomee ukurasa mmoja kwa sauti."

"Lakini mimi sijui kusoma, nitajuaje kama amekosea?"

"Utajua, mama. Asomaye kwa kufahamu huweza kukueleza alichokisoma. Akishindwa kukueleza, arudie."

Hapo, ndugu wasikilizaji, ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Kumkusanya mtoto pamoja na wenziwe walio sawa naye kwa ujuzi, kwa muda mfupi kila siku, na kuanzia pale alipo badala ya pale kitabu kilipo, ni njia iliyojaribiwa nchini India na katika nchi kadhaa za Afrika, ikaonekana kufaa. Humwacha mtoto kati ya marika yake, asiitwe babu, na wakati huo huo humpa kile alichokikosa.

Kwa vijana wanaoingia sekondari Tanzania pana ufa mwingine. Mtoto husoma shule ya msingi ya Serikali kwa Kiswahili, kisha katika kidato cha kwanza hukuta karibu masomo yote yafundishwa kwa Kiingereza. Wengi washindwao katika kidato cha pili hawakushindwa na jiografia wala biolojia, bali walishindwa kulifahamu swali. Kijana wa namna hii akikaririshwa bila kufundishwa lugha, atakutana na swali lile lile mwakani, nalo litamnyamazisha vile vile. Miezi ya kwanza ya kidato cha kwanza haina budi kutumiwa kwa lugha kwa bidii kubwa, na mzazi ana haki ya kuuliza kama jambo hilo lafanyika.

Sasa twawageukia ninyi wanafunzi. Msimcheke mwenzenu aliyebaki, wala msijivune kwa kupanda. Na wewe uliyepanda ukijua moyoni kwamba hesabu za sehemu hukuzifahamu, usifiche. Mwendee mwalimu umwambie, "Mwalimu, hapa ndipo nilipopotea." Kuna aibu kidogo katika kusema hivyo, nayo huisha siku ile ile. Aibu ya kukaa miaka minne ukinakili usichokijua haiishi upesi. Na wewe uliyekaririshwa, usiache shule. Ila usikubali kuurudia mwaka kama ulivyokuwa. Uliza utafundishwa nini kwa njia nyingine, na umwombe mzazi wako akuulizie.

Ninyi wazazi, twawaomba jambo moja. Mwisho wa mwaka mtoto ajapo na karatasi yake, ipokeeni kwa furaha, na kuku mchinjeni kama desturi. Lakini kabla ya kula, mpeni mtoto kitu asichopata kukisoma: gazeti, au barua, au maneno ya chupa ya dawa. Msikilizeni bila fimbo wala kicheko. Akiweza, mshukuruni mwalimu wake. Asipoweza, msingoje Novemba nyingine, nendeni mpige hodi shuleni siku shule ifunguliwapo, maana mtoto huyo angali mdogo na miezi yote ya mwaka i mbele yake.

Kwa leo tukomee hapa. Kwa herini, mpaka tutakapokutana tena.